Bembea ya Mgeni Rasmi

Serikali ilipogundua kwamba watoto wanacheza, ilishtuka sana, ikaunda kamati.

Mie sikuwepo kwenye kamati. Habari nililetewa na mtendaji wetu wa kijiji, Fikirini, aliyekwenda kulala nyumba ya wageni Ikwiriri siku kadhaa akifundishwa mchezo ni nini. Mtu mwenye wajukuu, amezaliwa hapa hapa Nyakitope, amekulia kwenye vumbi la shule ile ile, lakini ilibidi apande basi akaoneshwe ukutani picha za watoto wa Kizungu wananing'inia kwenye vyuma, ndipo akubali kwamba mtoto akicheza akili yake inakua. Alirudi na begi la kitambaa lenye maandishi, na tumbo limetulia.

"Bi Mwanawetu," akaniambia, "sasa kuna sera. Mapumziko ni haki ya mtoto."

"Na wewe ulipokuwa ukitoroka kilimo cha shule kwenda kucheza gololi nyuma ya choo, ilikuwa nini?"

"Ule ulikuwa utoro," akasema, na hakucheka.

Nyumba yangu na shule zinapakana. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuhitaji saa. Ikifika saa nne asubuhi kengele inagongwa, na kelele inayotoka mle utadhani kuna nyumba imeungua na watu wamefurahi. Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mtupu na mikorosho miwili ya kivuli. Wavulana walikuwa na mpira wa makaratasi. Wasichana walikuwa na rede, mchezo unaoujua: wawili wanarusha mpira huku na huku, mmoja yuko kati anaukwepa, na huku anakwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda.

Mjukuu wangu Maimuna, wa darasa la nne, alikuwa hapigwi. Namwita mke mwenzangu, maana babu yake alipokuwa hai alimpenda kuliko mie na hakuficha. Mtoto mwembamba, miguu kama ya kuku wa kienyeji, akiingia kati ya mipira ile utasema hana mifupa. Masomo aliyavumilia. Kwake yeye shule ilikuwa ni mapumziko, na hesabu ilikuwa kama foleni ya kuyangojea. Mie hilo halikunisumbua. Mtu akifuata wali akakuta na mboga, si anakula vyote.

Aliyesumbuka ni baba yake, mwanangu Mshamu. Yeye na mkewe Safina wanalima mpunga bondeni, na mpunga ukianza kutoa masuke ndege wa kwerea wanashuka kama mvua. Lazima mtu akae juu ya dungu, kichanja cha miti cha kulindia shamba, kutwa nzima, apige madebe, apige kelele, arushe udongo. Kila msimu Mshamu alitaka Maimuna aende akae dunguni, na kila msimu Maimuna alikataa kwa sababu ya rede, nami nikimsaidia kukataa. Najua watoto wa dunguni. Wanakwenda kwa msimu mmoja, wanarudi wamekuta darasa limewaacha, wanaona haya, wanarudi bondeni moja kwa moja. Mie mwenyewe niliishia la saba, na elimu ile imenitosha kusoma vibao vya serikali nikacheka. Nilitaka huyu afike mahali pa kuviandika.

Basi mradi ukaja.

Ulikuja kwa lori. Kwanza walikata mikorosho, kwa sababu kwenye mchoro haikuwepo. Kisha wakasawazisha, wakamwaga udongo wa kutoka kusikojulikana, wakapanda ukoka, mche mmoja mmoja, kama wanapanda mpunga wa mfalme. Wakasimika bembea za minyororo, kibao cha kutelezea, ubao wa kupandishana, vyote vimepakwa rangi za pipi. Wakazungusha seng'enge. Wakaweka lango na kufuli. Mwisho wakasimamisha bango la majina ya wafadhili, na chini yake kibao kidogo: HAIRUHUSIWI KUTUMIKA KABLA YA UZINDUZI.

Na hapo ndipo watoto wa Nyakitope walipoacha kucheza.

Maana kitu cha serikali, wewe unajua, hakianzi kufanya kazi kwa kuwa kimekamilika. Kinaanza kwa kukatwa utepe. Kisima chetu kilikaa na maji yake msimu mzima wanawake wakipita na ndoo kwenda mtoni, kikingoja mtu wa kuja kunywa glasi moja mbele ya kamera. Zahanati ya jirani ilikuwa na vitanda, wagonjwa wakilala chini, kwa sababu vitanda vilikuwa havijazinduliwa. Hakuna sheria iliyoandikwa hivyo. Ni adabu tu. Na adabu ya kumngoja mkubwa huku kwetu ina nguvu kuliko sheria, kuliko kiu, kuliko homa.

Mwalimu mkuu, Elinipendo, mwanamke wa Same, si mtu mbaya. Ni mtu wa maelekezo. Ukimwelekeza amwage uji, atauliza tu aumwage upande gani. Aliambiwa na halmashauri uwanja utunzwe mpaka mgeni rasmi aje kutoka mkoani, naye akautunza. Saa nne ikifika kengele iligongwa kama kawaida, halafu watoto wakabaki madarasani wamefunga mikono juu ya madawati, wanafundishwa wimbo wa kumshukuru mgeni kwa kuwaletea mapumziko. Madarasa ya juu walitoka, hao walikuwa na bahati. Walitoka na ndoo, wakamwagilia ukoka kupitia kwenye matundu ya seng'enge.

Mgeni alipangwa kuja, akapata kikao. Akapangwa tena, mvua. Akapangwa tena, tukaambiwa yuko nje ya nchi anajifunza jinsi wenzetu wanavyoendesha viwanja vya watoto.

Jioni moja Maimuna alikuja kukaa jikoni kwangu, akashika kijiti, akawa anachora majivuni.

"Bibi, nataka kwenda dunguni."

"Nani kakuambia useme hivyo?"

"Hakuna. Kule napiga kelele siku nzima na hamna mtu anayenifunga mikono. Ndege wakija nawafukuza, wakienda nacheza. Huku tunakaa tu."

"Na kusoma?"

"Kusoma kwenyewe ni wimbo, Bibi."

Mshamu alipopata habari akafurahi kwa namna ambayo mtoto wa kumzaa mwenyewe hatakiwi kumfurahia mama yake. Akasema siku ya uzinduzi itakapotangazwa atakuja na baiskeli kama mzazi mwalikwa, atakula pilau ya serikali, na sherehe ikiisha atampakia mtoto.

"Wakizindua, watoto watacheza," nikamwambia. "Hataondoka."

"Wakizindua, mama, ntamwacha. Mbele ya Mungu," akasema. "Lakini nyie mnawajua watu hawa? Hawazindui."

Nikaona niende kwa mwalimu mkuu mapema. Nilimkuta ofisini kwake, amenyooka kama rula.

"Mwalimu," nikamwambia, "hivi mnafuga watoto au mnafuga majani?"

"Bibi, ni maelekezo."

"Wafungulie wacheze kidogo, halafu wafute nyayo zao."

"Mgeni rasmi hawezi kuzindua kitu kilichokwisha tumika, Bibi. Itakuwa ni kumdharau."

Hapo ulimi wangu ukateleza, au tuseme niliusukuma. Nikamwambia nimesikia kwao Upareni mtu huweza kukifungia hata kivuli chake kabatini, kisichakae. Mbona aliinuka. Kesho yake naitwa ofisi ya kijiji.

Fikirini alijitahidi kuwa mkali. "Bi Mwanawetu, wewe ni mtu mzima. Wapare na sisi hatuna utani. Ukimwambia maneno hayo mtu asiye mtani wako, hujamtania, umemtukana. Akitaka anaweza kwenda mbele."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaomba radhi. Mwalimu Elinipendo akazipokea akiangalia dirishani, na Fikirini akanionya kwamba nikirudia kumtia aibu mtumishi wa umma atanipeleka kwa polisi Ikwiriri, uzee wangu na yote.

Siku ikatangazwa.

Maturubai yakafungwa asubuhi. Viti vya plastiki vya wageni vikavalishwa vitambaa vyeupe, sisi wananchi tukapewa mabenchi ya darasa la kwanza, magoti yanafika masikioni. Watoto wakapangwa juani kwa urefu, wamepakwa mafuta, wameshika vibendera. Kufuli ilitolewa langoni, pakafungwa utepe. Mshereheshaji aliyekodiwa Kibiti alikuwa akijaribu kipaza sauti tangu kulipokucha. Mshamu alikaa nyuma yangu, baiskeli kaiegemeza kwenye seng'enge, kwenye kiti cha nyuma keshafunga mto wa magunia ili mwanawe asiumie njiani. Mto ule uliniuma mie.

Tulikaa. Jua likapanda, likatulia juu ya vichwa. Wimbo ukaimbwa kwa mazoezi, ukaimbwa tena. Mtoto mmoja akaanguka, akabebwa, wenzake wakasogezwa kuziba pengo. Hatimaye likatokea gari moja jeupe, watoto wakaimba kwa nguvu, mlango ukafunguliwa, akashuka kijana mnene mwenye suti inayombana kwapani. Hakuwa mgeni rasmi. Alikuwa afisa wa mradi. Akapewa kipaza sauti.

Nao maafisa wamefundishwa mahali fulani kwamba mwananchi akichekeshwa kwanza, baadaye anaweza kuambiwa lolote.

"Ndugu wananchi, mimi naitwa Lucas Mihayo, mtoto wa Urambo, Mnyamwezi halisi. Nikaona leo sina wasiwasi wowote, nakuja kwa watani zangu Wandengereko." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akanogewa. "Nimeambiwa nije na chakula changu, maana hawa watani zangu kwa uvivu hata wali wanausubiri uive wenyewe."

Watu wakacheka tena. Mie nikaacha kujipepea.

Ndipo akaendelea, na sauti akaibadilisha. Mgeni rasmi alikuwa njiani, amefika Kibiti, kwa bahati mbaya amepata udhuru. Anawasalimu sana. Siku nyingine itapangwa. Kwa sasa anawaomba walimu na wazazi waendelee kuutunza uwanja huu katika hali yake ya upya.

Nikasikia nyuma yangu Mshamu anavuta pumzi, kisha anainuka. Nikamwona Maimuna mstarini. Alikuwa ameshashusha kibendera, anaangalia baiskeli. Hakuwa na huzuni hata kidogo, na hilo ndilo lililoniinua kwenye benchi.

"Mtani," nikaita.

Akatafuta sauti imetoka wapi. "Naam, mtani wangu."

"Umesema mie ni mtani wako."

"Nimesema, Bibi."

"Na watu wamesikia."

"Wamesikia," akasema, anatabasamu, maskini.

"Haya."

Nikaenda moja kwa moja langoni. Utepe ulinishika kifuani, nikafikiri nitahitaji kuinama, lakini ukakatika wenyewe. Vitu vya zabuni. Nikapita juu ya ukoka na kandambili zangu, nikachagua bembea nyekundu, nikakalia. Kanga yangu ya juu nikaivua mabegani, nikaizungusha kwenye mnyororo na kiunoni, nikapiga fundo.

"Nimeikalia," nikasema. "Nikomboe."

Kama hukukulia huku, ujue hivi: mtani ana ruhusa. Msibani kwetu nimemwona mtani kashuka kaburini, kajilaza, maiti imengoja juu mpaka wafiwa walipomtoa kwa maneno mazuri na kuku. Hakuna aliyemkasirikia. Mtani akikasirika, utani umekufa, na aibu ni yake yeye aliyekasirika, ataisikia mpaka kwao. Watu wazima pale walijua. Kicheko kilichotoka kwenye mabenchi hakikuwa kile cha hotuba.

Mwalimu Elinipendo alikuja mbio. "Bibi, shuka. Hiyo ni mali ya umma."

"Mie ni nani, mwalimu? Si umma?"

Fikirini naye kafika, ananong'ona meno yamefungwa. "Tulikukanya."

"Mlinikanya nisimtanie asiye mtani. Huyu kajitaja mwenyewe, tena kwa kipaza sauti."

Fikirini akamgeukia afisa, akitumaini labda atakana kabila.

Lucas akaja mpaka kwenye seng'enge. Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake. "Mtani, shuka, nitakuletea asali ya Tabora."

"Asali ulete. Lakini hiyo ni ya kesho, mie nimekaa leo."

"Unataka nini sasa?"

"Watoto waingie."

"Bibi, sina mamlaka ya kuzindua."

"Una mamlaka ya nini?"

"Nimetumwa kuja kuwaambia."

"Kumbe wewe ni simu."

Akajifuta jasho. Nikamwonea huruma kidogo, si nyingi. "Mtani," nikamwambia, "babu zako walitoka Unyamwezi kwa miguu, pembe za ndovu vichwani, simba njiani, na pwani walifika. Huyu wenu kakalia kiti cha gari, kashindwa kutoka Kibiti. Nyie hamna haya?"

"Babu zangu walifika, ndiyo," akasema, sasa utani ukimwingia na yeye, "wakawakuta babu zako wamelala hapa, wanangoja mizigo ya watu wawauzie wenye mizigo."

"Na bado babu zako wakanunua mizigo yao wenyewe," nikamwambia, "kwa hiyo nani mjinga?"

Mabenchi yakapiga vigelegele. Nami nikaanza kujisukuma. Polepole kwanza, vidole vya mguu chini, halafu nikaachia. Chuma kilikuwa kinalia kama mbuzi. Sikuwa nimekaa kwenye bembea maisha yangu yote, na kusema kweli ni kitu cha kijinga kinachofurahisha.

"Unaona?" nikamwambia nikipita. "Sasa si mpya tena. Imekaliwa na kikongwe. Huyo mgeni wenu akija mtamzindulisha mtumba."

Nikaona amefika mahali nilipokuwa namngojea. Alitoa simu, akasogea pembeni, akapiga. Mshereheshaji, mbea kama walivyo wote, alimfuata na kipaza sauti hakijazimwa, kwa hiyo kijiji kizima kilisikia dereva wa mgeni rasmi akisema bosi anakula, hataki kusumbuliwa.

Lucas akairudisha simu mfukoni. Akaniangalia. Kisha akacheka, safari hii kwa tumbo, mpaka kifungo cha suti kikaachia. Akanyang'anya kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Natangaza kwamba kuanzia sasa uwanja huu uko katika majaribio. Majaribio yataendelea mpaka mgeni rasmi atakapopata nafasi."

Mwalimu Elinipendo akauliza taratibu, "Majaribio yana kibali?"

"Yana."

"Cha nani?"

"Cha kwangu."

"Basi sawa," akasema, na mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni msichana tu, anaweza kuwa mwanangu wa mwisho. Kumbe miezi yote ile alichokosa ni neno. Kucheza hakuruhusiwi, kuzindua hakuwezekani, lakini kujaribu, nani atakataa kujaribu. Ofisi nzima ilikuwa na neno hilo kwenye droo, na hakuna aliyejisumbua kuivuta.

Watoto waliingia. Sisemi walikimbia, walimwagika. Lucas alinifungua fundo kwa mkono wake, nikashuka, na nilipotaka kuichukua kanga yangu akaikunja, akaitia kwapani.

"Na mimi nimeshika hii," akasema. "Uje Urambo uikomboe."

"Ivae," nikamwambia, "itaficha hicho kifungo."

Ndiyo utani. Nikabaki na ya chini tu, mabega yangu ya kizee nje, mbele ya kamati ya shule, na hakuna sheria ya kunisaidia.

Wale watoto walibembea, waliteleza, walipandishana, kwa muda wa kuchemsha chai hivi. Kisha Maimuna akashuka kwenye bembea, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta choo, akaenda kwenye kona ya uwanja, akaanza kuuparua ukoka kwa kisigino mpaka chini ukatokea mchanga wetu wa siku zote. Wenzake wakamfuata. Chupa sijui ilitoka wapi, mpira wa soksi sijui ulitoka wapi.

"Majani," akaanza Mwalimu Elinipendo.

"Majaribio, mwalimu," Lucas akamwambia, mdomo umejaa pilau.

Mshamu alikuwa amesimama upande wa nje wa seng'enge, mkono kwenye usukani wa baiskeli.

"Maimuna," akaita. "Twende, jua linakwenda."

"Naam, baba," akaitika, na hakuja.

Akaita tena, akaitikiwa tena vile vile. Nikasogea karibu yake.

"Umeapa mbele ya Mungu," nikamwambia.

"Niliapa wakizindua. Hawajazindua, umesikia mwenyewe."

"Basi mkamate."

Akamtazama mtoto kati ya mipira ile, anainama, anaruka, ngumi imejaa mchanga. Hata mtu mzima mwenye mbio asingemkamata. Mshamu anayajua hayo, maana hata yeye enzi zake tulikuwa tunamtafuta kwa fimbo.

"Mama, umenifanyia kusudi."

"Ndiyo."

"Na kwerea ntawafukuza na nani?"

"Muazime mwalimu mkuu. Sauti anayo, na sasa hana majani ya kulinda."

Aligeuka upande ili nisione kama anacheka. Akaufungua ule mto wa magunia, akanirushia nijifunike mabega, akapanda baiskeli akashika njia ya bondeni peke yake. Maimuna hakugeuka kumuaga. Mpira ulikuwa unamjia.